Nguo Isiyo na Jina

Uhakiki wetu wa mavazi una kipenzi kimoja, nacho ni leso. Bara wengi wanaiita kanga, na Watanzania vilevile, lakini mimi nimelelewa Mombasa na nitaiita leso hadi mwisho wa makala hii. Chukua andiko lolote kuhusu nguo za Waswahili. Kabla hujafika mbali utaelezwa kwamba leso ina sehemu tatu: pindo linaloizunguka, mji ulio katikati, na jina, yaani yale maneno yaliyochapwa chini ya mji. Kisha mhakiki analiruka pindo, anaupita mji mbio mbio, na kutua kwenye jina. Hapo ndipo kwake. Ni methali? Ni kijembe cha kumrushia jirani? Ni dua? Nani alimnunulia nani, na mnunuaji alitaka kusema nini bila kufungua mdomo?

Sina ugomvi na kazi hiyo, tena nyingine ni nzuri sana. Rose Marie Beck aliandika kitabu kizima kwa Kijerumani, kilichotoka 2001, kuhusu maandishi ya leso na jinsi yanavyomwezesha mtu kusema jambo na papo hapo kukana kwamba amelisema. Mwanahistoria Laura Fair ameonyesha jinsi wanawake wa Unguja, baada ya utumwa kukomeshwa kisheria mwaka 1897, walivyoachana na marekani na kaniki, nguo za watumwa, wakajifunga leso za rangi na maua. Ukisoma kazi kama hizo unaelewa kwamba nguo si kitu cha kusitiri mwili tu.

Kinachonikera ni kwamba tumejizoesha kuisoma nguo pale tu ilipoandikwa. Palipo na herufi, mhakiki anavaa miwani. Pasipo na herufi, anaona kitambaa. Na kwa sababu hiyo mwenzake leso, nguo ambayo imekaa viunoni mwa wanaume wa pwani hii kwa vizazi na vizazi, haijapata mhakiki. Nazungumzia kikoi. Hakina jina wala methali. Hakichapwi, kinafumwa. Kila kilicho nacho cha kusema kimo ndani ya nyuzi, na sisi tuliosomea fasihi hatukufundishwa kusoma nyuzi.

Basi hebu tukisome.

Ninacho kimoja hapa mezani, nilichokinunua Biashara Street, Mombasa, miaka kadhaa iliyopita. Upana wake ni kama mita moja, urefu wake mita moja na nusu na ushei. Mwili wake ni wa bluu iliyopauka. Kwenye kingo zake mbili ndefu kuna mistari: mwekundu mpana, njano mwembamba, mweupe, kisha mwekundu tena. Kwenye ncha zake mbili fupi kuna matamvua, zile nyuzi zinazoning'inia, zimesokotwa mafungu mafungu na kufungwa vifundo.

Kabla ya kukitazama, kipapase. Kidole hakitelezi kama kinavyoteleza juu ya nailoni. Kinapita juu ya vijituta vidogo vidogo, mamia kwa mamia, kila kimoja ni mahali ambapo uzi mmoja umepanda juu ya mwingine na kushuka. Ukifika kwenye mistari ya ukingoni, kitambaa kinakuwa kizito kidogo, kwa sababu hapo kwenye changu nyuzi zimebanwa zaidi. Unaweza kufumba macho na bado ukajua mwili unaishia wapi na ukingo unaanzia wapi. Leso huwezi kuisoma hivyo. Gizani, leso zote ni sawa.

Sasa fumbua macho. Kila kitambaa kilichofumwa kina nyuzi za pande mbili, na Kiswahili kina maneno yake. Mtande ni zile nyuzi zinazotandwa mwanzo, kutoka ncha moja ya kitanda cha mfumi hadi nyingine. Mshindio ni uzi unaopitishwa katikati yake, kushoto kwenda kulia na kurudi, kisha unashindiliwa ukae. Katika kikoi changu mtande wa mwilini ni wa bluu iliyokolea na mshindio ni mweupe. Ukikitazama ukiwa mlangoni unaona bluu ya maji ya kina kifupi. Ukikileta karibu na jicho, hiyo bluu haipo! Hakuna uzi hata mmoja wenye rangi hiyo. Kuna bluu nzito na kuna nyeupe, na rangi uliyoiona inatokea pale zinapokutana. Nguo hii imetengeneza rangi ambayo mtia rangi hakuitia.

Tazama na mistari. Imepita kwa urefu, yaani imo ndani ya mtande. Maana yake ni kwamba mfumaji aliiamua yote kabla ya kupitisha mshindio wa kwanza. Alihesabu nyuzi ngapi nyekundu, ngapi za njano, akazitanda kwa mpangilio huo, na tangu hapo hakuwa na ruhusa ya kubadili mawazo. Akifika katikati akaona njano haikumpendeza, shauri yake. Atakwenda nayo hadi mwisho au atafumua yote. Wapenzi wa ushairi wa arudhi wanaijua hali hii. Anayetunga shairi la mtiririko anachagua vina vyake katika ubeti wa kwanza, na vina hivyo vinamshika mkono hadi beti ya mwisho. Uhuru wote anautumia mwanzoni. Baada ya hapo ustadi wake ni kufanya safari iliyokwisha kuamuliwa ionekane kama matembezi.

Kigeuze upande wa pili. Hakuna upande wa pili. Mistari ni ileile na rangi ni ileile. Leso ukiigeuza, maua yanafifia na jina linasomeka kinyume, kwa sababu uso wake uko upande mmoja na mgongo wake upande mwingine. Kikoi hakina mgongo. Mtu anayekifunga gizani alfajiri akiwahi msikitini au baharini hawezi kukikosea.

Kisha matamvua. Watu wengi hudhani hayo ni urembo uliobandikwa baadaye, kama tarizi. Sivyo. Matamvua ni mtande wenyewe uliobaki bila mshindio. Ni mahali ambapo mfumaji aliacha kufuma na kukuonyesha nyuzi alizoanza nazo. Niliwahi kukaa kibarazani Lamu nikimtazama mama mmoja akiyasokota, vikoi vimerundikwa kando yake. Alikuwa akichukua mafungu mawili madogo, akiyasokota yote kuelekea upande mmoja hadi yakaze, kisha akiyaweka pamoja na kuyaachilia. Yenyewe yalijizungusha kwa upande wa kinyume na kukumbatiana, akapiga kifundo, akaenda kwa jingine. Hakuna gundi wala sindano. Kinachoyashika yale mafungu mawili ni kule kila moja kutaka kufumuka.

Jambo la mwisho katika usomaji huu ni namna kinavyovaliwa. Kikoi hakina mshipi, hakina kifungo, hakina zipu. Unakizungusha kiunoni, unakunja, unaviringisha ukingo wa juu kwa nje, basi. Kinachokizuia kisikuaibishe mbele za watu ni ukwaruzo wa pamba juu ya pamba. Vile vijituta ulivyovipapasa mwanzo vinashikana vyenyewe kwa vyenyewe. Kikoi kipya kina wanga na kinasimama kama ubao, kwa hiyo mjuzi hukifua mara mbili tatu kabla ya kukiamini. Cha zamani kinakaa mwilini kama kimezaliwa nawe. Ule mkwaruzo, ambao kwa mnunuzi asiyejua ni dalili ya kitambaa duni, ndio unaoifanya nguo iwe nguo.

Nimesema mengi kuhusu kipande cha kitambaa, na kuna msomaji atakayeniuliza: haya yote ni ya nini, si ukaandike kuhusu riwaya? Jibu langu ni kwamba sisi wa fasihi tulikuwa tumeshaingia katika karakana ya mfumaji zamani, ila tumesahau. Tunapochambua hadithi tunazungumza juu ya msuko wa matukio, na neno hilo tumeliazima kwa wasukaji wa nywele na mikeka. Tunaposema mtu ametunga shairi, kutunga kule ni kwa shanga na maua yanayopitishwa kwenye uzi. Na neno mfumo, ambalo leo limejaa katika kila hotuba, mfumo wa elimu, mfumo wa serikali, mfumo dume, linatokana na kufuma. Kwenye kamusi za zamani mfumo ni ule ufumaji wenyewe na jinsi kitambaa kinavyotokea: kizito, chepesi, cha kukwaruza, laini. Tumechukua neno lililojua kupapasa tukalipeleka ofisini. Leo mtu akikwambia mfumo umeharibika, unafikiria kompyuta ya benki.

Lugha yenyewe haikuwa na uvivu huu wa kusoma. Ilikuwa na majina ya vitambaa kulingana na uzito wake, ulaini wake na asili yake, na baadhi yangali hai. Bafta ni pamba nyembamba nyeupe, na neno lenyewe ni la Kiajemi lenye maana ya kilichofumwa. Melimeli ni nyepesi zaidi, ile unayoweza kuona kivuli cha mkono nyuma yake. Kaniki ni pamba iliyotiwa nili hadi ikawa karibu nyeusi. Hudhurungi ilikuwa pamba ya kahawia iliyotoka Oman na kushonewa kanzu. Asili ya neno ni Kiajemi tena, rangi yake yenyewe, kwa sababu pamba hiyo haikutiwa rangi. Ilizaliwa hivyo shambani. Leo mtoto wa shule anajua hudhurungi ni rangi tu. Kitambaa kimekufa, rangi yake imebaki ikizurura bila mwili.

Halafu kuna marekani. Hiki kilikuwa kitambaa kizito cha pamba, hakikupaushwa, kilichofumwa katika viwanda vya Massachusetts na kuletwa Unguja na wafanyabiashara wa Salem. Marekani na Sayyid Said walitia sahihi mkataba wa biashara mwaka 1833, na kitambaa kile kikasambaa na misafara hadi maziwa makuu, kikivaliwa na pia kikitumika kama fedha. Wafumaji wa Uingereza walijaribu kukiiga. Wanunuzi wa Afrika Mashariki walikipapasa kile cha Kiingereza, wakakirudisha mezani, wakaomba cha Marekani. Iliyokiondoa sokoni ni vita ya wenyewe kwa wenyewe huko Marekani, kuanzia 1861, iliyokata pamba. Mimi huvutiwa na wale wanunuzi. Watu ambao wasafiri wa Ulaya waliwaandika kana kwamba walikuwa wakihongwa kwa matambara, walikuwa na vidole vilivyojua tofauti ya ufumaji wa pande mbili za bahari ya Atlantiki. Huo ni uhakiki. Haukuandikwa, lakini uliwatia viwanda vya Ulaya kiwewe.

Na kabla ya marekani, pwani hii ilikuwa ikifuma yenyewe. Katika magofu ya Kilwa na Shanga wanaakiolojia wamefukua vipande vya vyungu vilivyochongwa duara na kutobolewa katikati, ambavyo vilikuwa uzito wa vijiti vya kusokotea uzi. Ibn Battuta alipopita Mogadishu mwaka 1331 aliandika kwamba vitambaa vya mji ule havikuwa na mfano na kwamba vilipelekwa hadi Misri. Wafumaji wa Benadiri waliendelea na kazi hiyo kwa mkono hadi karne ya 20, na alindi yao, nguo ya pamba yenye mistari na miraba, ni jamaa wa karibu wa kikoi. Anayesema kwamba kufuma ni jambo tuliloletewa na meli hajapita Shanga.

Hapa najua nitapingwa. Kuna atakayesema: kikoi chenyewe si chetu, kilitoka Bara Hindi na Maskati. Ni kweli kwamba vikoi vingi vilifumwa huko. Richard Burton, katika kitabu chake cha 1860 kuhusu safari ya maziwa makuu, aliorodhesha vitambaa vya biashara ya misafara, na humo utakuta marekani, kaniki, barsati, debwani na subaya, vingine vya Marekani, vingine vya Kutch na Surat, vingine vya Maskati. Lakini mbona hoja hii haitolewi dhidi ya leso? Leso imechapwa Uingereza, Uholanzi, Uswisi, Japani, India na China. Hata neno lenyewe ni la Kireno, kitambaa cha mkononi. Hakuna mhakiki anayeiona si yetu kwa sababu hiyo, kwani kila mtu anajua kwamba mchapaji wa mbali alikuwa akifuata agizo la mwanamke wa Mombasa au Unguja, na akikosea, mzigo unadoda. Duka la Mali ya Abdulla, pale Mombasa, limeishi kwa kujua wanawake hao wanataka nini. Kwa nini basi mwanamume wa Lamu au Pemba, aliyekuwa akikataa kikoi chenye ukingo mwembamba na kudai kingine, asihesabiwe kuwa mshiriki katika usanii wa nguo yake? Naona jibu ni lilelile. Madai yake hayakuacha maandishi, na sisi tunafuata maandishi.

Tukishakubali kwamba kikoi kinasomeka, tunaweza pia kukikosoa, na kukosoa ni kazi ambayo imekosekana zaidi hata kuliko kusifu. Tembea leo kwenye maduka ya Diani, Watamu au yale ya Nairobi yanayouzia wageni. Utakuta kikoi chenye taulo, yaani kikoi kilichoshonewa kitambaa cha taulo mgongoni. Kinauzwa sana, na ufukweni kina manufaa. Kama nguo, kimeharibiwa. Kile kitambaa kisicho na mgongo kimepewa mgongo. Hakikunjiki kiunoni, hakikauki upesi, matamvua yake yanakaa kama kope za mwanasesere. Kitumie kujifutia maji, lakini usidhani umeshika kikoi.

Suruali na mashati ya kikoi ni jambo jingine, nami siyakatai kwa jumla. Hapa kila kitu kinategemea fundi. Fundi mvivu anakata kitambaa anavyotaka, mistari ya ukingoni inaangukia popote, mguu mmoja una nyekundu na mwingine hauna, shingoni kuna kipande cha njano kilichopotea njia. Fundi anayejua anaanza na ukingo. Nimeona suruali ambayo mistari yote ilishuka pembeni mwa mguu, kutoka nyonga hadi kifundo, ikawa kama mshono uliofumwa. Nguo iliyokuwa ikilala imesimamishwa, na mistari bado ina kazi. Hiyo naiita tafsiri nzuri: imeondoka kwenye lugha ya kwanza na haikuitukana.

Lakini vile vya kuchapwa, jamani! Siku hizi kuna vitambaa vya poliesta vilivyochapwa mistari ya kikoi, na vinauzwa kwa jina la kikoi. Kwa mbali vinafanana. Karibu, ile bluu ni bluu moja bapa, haina nyuzi mbili zinazokutana. Kigeuze na utaona mgongo uliopauka. Jifunge, na baada ya hatua ishirini utakuwa umekishika kwa mkono, maana hakina mkwaruzo wa kujishikilia. Ukitaka kuhakikisha, chomoa uzi mmoja uuchome. Pamba inawaka kama karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta inayeyuka na kuganda kidonge kigumu. Mchuuzi atakwambia ati ni kitu kilekile, bei tu ndiyo nafuu. Mteja anayesoma maandishi tu hana la kumjibu.

Mtu anaweza kuona haya kuwa mambo ya mapambo. Mimi naona yana uzito, na kisa ninachokitegemea kinajulikana. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno Kikoy kuwa alama yake ya biashara nchini humo. Ombi lingepita, Mkenya aliyetaka kuuza vikoi Uingereza angejikuta anahitaji ruhusa ya kampuni ile ili aite kikoi kikoi. Wakenya walipinga, shirika la Traidcraft likawasaidia, na ombi likaanguka. Magazeti yaliandika, watu wakapumua, tukasahau.

Kinachonirudia kila nikikumbuka kisa hicho ni mantiki yake. Sheria za alama za biashara, kwa jumla, hazimruhusu muuzaji mmoja kumiliki neno ambalo ni jina la kawaida la bidhaa yenyewe. Hakuna anayeweza kumiliki neno shati. Lakini ili useme neno fulani ni la kawaida, lazima uonyeshe kwamba watu wanalitumia: wameliandika, wamelieleza, wametofautisha kizuri na kibaya ndani yake. Leso ina ngao ya namna hiyo, rafu nzima za maktaba. Kikoi kilikuwa na nini? Mistari michache ya kamusi, vijitabu vya watalii, na viuno vya watu ambao hakuna aliyewahi kuwauliza. Nguo isiyo na jina, kwa maana ya leso, ilikaribia kunyang'anywa hata lile jina moja ililokuwa nalo. Uhakiki hauzuii wizi. Unachofanya ni kuacha alama za watu waliokitumia kitu na kukijua.

Na si pwani pekee inayohusika. Kisumu kulikuwa na kiwanda cha KICOMI, kilichofungwa katika miaka ya 1990. Eldoret kuna Rivatex, iliyoanguka, ikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007, na kuzinduliwa upya mwaka 2019. Maelfu ya Wakenya wa bara walisimama mbele ya mitambo ya kufuma, wakajua kwa sikio uzi ukikatika na kwa mkono kitambaa kikilegea. Ujuzi huo ulikuwa na maneno yake, mengine ya Kiswahili, mengine ya Kijaluo na Kikalenjin, mengine ya karakana tu. Nani aliyakusanya? Tuna kamusi za istilahi za fasihi na za isimu. Mfumaji wa KICOMI alistaafu na msamiati wake, akaenda nao kijijini. Wengine wamekwisha kuzikwa nao. Wakati huo sisi tunanunua shati la mitumba Gikomba kwa kuangalia chapa ya shingoni. Ile chapa nayo ni maandishi.

Kwa hiyo sitaki kumaliza kwa kuomba serikali ifanye hivi au vile. Ombi langu ni kwa watu wa fani yangu, walimu wa Kiswahili hasa. Mnaleta leso darasani kufundishia methali, na wanafunzi wanafurahi. Muhula ujao leteni na kikoi. Kiwekeni mezani, kizungushwe darasa zima, kila mtoto akipapase akiwa amefumba macho kabla ya kuruhusiwa kukitazama. Waulizeni mtande uko upande gani na wamejuaje. Waulizeni ni rangi gani wanayoiona kwa mbali na ni rangi gani zilizomo kwa kweli. Waambieni wahesabu nyuzi za mstari mmoja wa ukingoni, waandike hesabu hiyo, kisha waandike aya moja kueleza kwa nini mfumaji hakuweka nyekundu zaidi. Wengine watasema hawajui maneno ya kuelezea. Hapo ndipo somo linapoanza, na maneno yapo: mtande, mshindio, ukingo, tamvua, mkwaruzo, mfumo.